Shahada ya Kuendesha Mji

Benchi letu liko nje ya duka la ushirika wa wakulima hapa Plum Fork, Kansas, chini ya maghala ya ngano, na linatazamana uso kwa uso na jengo la halmashauri: tofali nyekundu, milango mitatu, bendera moja iliyochanika na upepo. Kati yetu na serikali kuna barabara tu, na hatuivuki. Kahawa inatoka kwenye birika kubwa la umeme mle dukani. Ni ya bure, ni chungu, na anayeisifu hajapata kuinywa. Hapo ndipo tunapouendeshea mji huu tangu tustaafu. Kuna Dizeli, ambaye kanisani wanamwita Orval Unruh, fundi wa matrekta. Kuna Hakimu, jina lake Merle, ambaye aliwahi mara moja kuitwa kuwa mzee wa baraza mahakamani, kesi ya ndama aliyeibwa, na hajapona tangu siku hiyo. Kuna LaVonne, dereva wa zamani wa basi la shule, tunamwita Redio. Ndiye mwanamke pekee mwenye kibali cha kukaa benchi hili, na kibali alijipa mwenyewe. Mimi ni Stempu, nilikuwa tarishi wa posta. Na pale mwisho kabisa hukaa Leland Goertzen, ambaye kwa sababu mtakazoziona tunamwita Kimya.

Asubuhi ile ya Aprili upepo ulikuwa wa kuondoka na kofia ya mtu. Siku nyingine tungeanza na mvua, tukapita kwenye bei ya ngano, tukaishia kuwasengenya Walutheri. Lakini siku hiyo mada ilikuwa moja. Mkurugenzi wa mji alikuwa ameshafungasha akaenda zake, na jioni madiwani wangepiga kura: wamchukue Brynn, mjukuu wa Kimya, aliyetoka chuo kikuu majuzi na shahada ya uzamili ya utawala wa umma, au wamwache wakatafute mtu wa mbali. Na kuna mji huko Arizona uliokwisha kumwita Brynn kazini, unataka jibu lake kesho. Kimya ndiye aliyemlea binti huyo baada ya wazazi wake kufariki, na siku hizi nyumbani kwake amebaki yeye na mbwa. Hayo yote tuliyajua. Tukaanza utani hivyo hivyo, maana kijiwe hakina breki.

Dizeli: Mimi swali langu ni moja tu. Masta! Masta ya kuendesha mji! Mji wenyewe una taa moja ya barabarani na tangi moja la maji. Miaka miwili unasoma nini hapo?

Redio: Unasoma bajeti, Dizeli.

Dizeli: Bajeti! Zinaingia, zinatoka, kilichobaki unanunua chumvi ya kuyeyushia barafu. Haya, nimekufundisha bure, kavae joho.

Hakimu: Mwenda pole hajikwai.

Redio: Hiyo inahusiana nini na bajeti?

Hakimu: Methali ni kofia, LaVonne. Inakaa kichwa chochote.

Redio alifungua bakuli lake la mikate ya mdalasini, akatugawia. Kimya alipokea wake, akaushika, hakuula. Macho yake yalikuwa ng'ambo.

Nikasema mimi nadhani masomo yale yana maana, kwa sababu mkurugenzi aliyeondoka, yeye na masta yake, ndiye aliyefanya barua zangu zifike wakati wa mafuriko. Nilikuwa nimekosea kusema. Ukimtetea mtu kijiweni umemchongea.

Dizeli: Stempu, usituletee. Mafuriko yalikauka yenyewe. Wewe niambie, nani alituletea kiplefti?

Hapo wote tukaguna. Kiplefti ni kidonda chetu.

Dizeli: Muhula mzima wa kwanza, jamani, ni kiplefti. Wanafundishwa kukichora, kukipanda maua, kukipa jina. Yule bwana alikuja hapa, hata mwaka haujaisha, tunaamka kuna duara katikati ya njia panda! Mtu na mashine yake ya kuvunia anazungushwa kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Redio: Na wewe siku ile ulizunguka mara ngapi?

Dizeli: Nne. Sikuona sababu ya kumpisha Merle.

Hakimu: Na mimi sikuona sababu ya kupishwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Sikilizeni, kiplefti ni kitu kidogo. Mnajua wanafundishwa nini hasa? Kutojibu. Nilimfuata yule bwana pale kwenye duka la vyakula, nikamwuliza, bwana mkurugenzi, shimo mbele ya nyumba yangu litazibwa lini? Akasema, "Asante sana kwa kulileta hilo." Halafu akatabasamu. Hivi! Mimi nimebeba watoto wa mji huu wote kwenye basi, waongo kwa wakweli, na nawaambieni, hakuna binadamu anayezaliwa na tabasamu lile. Lile ni la darasani. Kuna mtihani wake.

Dizeli: Shimo likazibwa?

Redio: Lilizibwa. Wiki ile ile. Lakini hakunijibu!

Hakimu alikohoa, akaweka kikombe chini. Hakimu akiweka kikombe chini, kesi imeanza.

Hakimu: Ninyi mnatazama matawi. Tazameni shina. Mmewahi kumwona mkurugenzi akizeeka hapa? Anakuja, anakaa miaka minne, mitano, anaanza kujua majina ya mbwa wetu, huyo, kaondoka. Kwa nini? Kwa sababu wanafundishwa kuondoka! Kuna ofisi mahali, ina ramani ya ukutani na pini. Huyu huku, yule kule. Wanawabadilisha wasije wakatujua vya kutosha kutuonea huruma. Ukimhurumia mtu huwezi kumkatia maji.

Dizeli: Sasa Brynn je? Yule anawajua mbwa wetu wote. Wangu yeye ndiye aliyempa jina.

Hakimu: Ndiyo maana hawatamchukua. Nabii hakubaliki kwao.

Redio aligeuka taratibu akamwangalia.

Redio: Merle. Hiyo imekaa.

Hakimu mwenyewe alishtuka. Nadhani hakuwa amekusudia. Kimya alivunja mkate wake vipande viwili, akavirudisha bakulini. Roho ikaniuma. Nilitaka mtu abadilishe mada, na ndivyo ilivyokuwa, ila aliyeibadilisha ni Dizeli.

Dizeli: Sasa niwape kitu ambacho hamjawahi kusikia. Shemeji yangu alikwenda pale chuoni kutengeneza mabomba ya joto. Akateremka chini ya jengo. Chini kabisa. Akafungua mlango, akakuta mji.

Redio: Mji gani tena?

Dizeli: Mji mzima! Wa bandia. Una barabara, una tangi la maji, una kanisa. Wanafunzi wanaachiliwa mle wajifunze. Wanapasua bomba makusudi, wanasema haya, lizibe. Wanaleta theluji ya mashine. Na pembeni ya barabara, LaVonne, kuna benchi.

Redio: Acha kamba.

Dizeli: Benchi! Na wazee watatu wa kukodi na bibi mmoja, wanakunywa kahawa na kulalamika kuanzia asubuhi. Mwanafunzi asipoweza kupita mbele yao akasalimia na kutabasamu, anafeli mwaka.

Hakimu: Wazee wa kukodi wanapata kahawa bure?

Dizeli: Hapo shemeji hakuuliza.

Hakimu: Hilo ndilo la kuuliza! Kama wanalipwa na kahawa wanapewa, sisi hapa tunaonewa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tulikuwa bado tunabishana kama wale wazee wa chini ya ardhi wana bima ya matibabu, na Redio ameshaanza kutaka kujua yule bibi anavaaje, Brynn alipotokea kona ya duka. Alivaa koti la heshima ambalo upepo haukuliheshimu, na mkononi alishika kofia ya babu yake.

Brynn: Hamjambo wazee wangu. Babu, umeisahau mezani.

Kimya aliipokea, akaiweka gotini.

Dizeli: Mama, njoo utuamulie. Chini ya chuo chenu kuna mji wa bandia?

Alicheka mpaka akashika ukuta.

Brynn: Hakuna mji. Lakini tulikuwa na somo la kuigiza kikao cha baraza. Wengine madiwani, mmoja mkurugenzi, na mmoja mwananchi anayesimama kutoa maoni, dakika tatu kwenye kipaza sauti. Mimi nilikuwa mwananchi. Nikawaigiza ninyi.

Redio: Sisi?

Brynn: Wote wanne kwa mkupuo. Kiplefti, shimo, ngano, mpaka methali moja ya mzee Merle ambayo haikuhusika kabisa. Darasa zima lilivunjika mbavu.

Hakimu: Methali ipi?

Brynn: Nimeisahau. Lakini mwalimu alinipa alama ya juu kuliko wote. Ila aliniambia nimetia chumvi, mtu kama huyo hayupo kwenye kikao cha kweli. Nikamwambia ni kweli, mwalimu. Hayupo.

Dizeli alicheka peke yake kidogo, akaacha.

Redio: Na leo jioni itakuwaje, binti yangu? Sema kweli.

Brynn: Madiwani wawili wananitaka, wawili hawanitaki. Diwani Hostetler ndiye amebaki, na anasema hajasikia mwananchi hata mmoja akisema lolote. Anasema hawezi kumpa mtoto wa hapa kazi hii kwa sababu tu ni mtoto wa hapa, na mji wenyewe haujafungua mdomo.

Dizeli: Haujafungua mdomo! Mji huu?

Hakimu: Basi unataka tuje tukusemee. Sema tu, mama. Usione haya.

Brynn alikunja mikono ndani ya koti. Yule mtoto tangu mdogo ukimwuliza kitu anafikiri kwanza, na shule haikumwondolea hilo.

Brynn: Siruhusiwi kutaka, mzee Merle. Hilo ndilo jambo la kwanza wanalotufundisha. Mkurugenzi hafanyi kampeni, haombi kura, hakusanyi watu. Anawatumikia wanaomtaka na wasiomtaka. Nikiwaomba, nimeshaharibu kazi kabla sijaipata.

Redio: Sasa huo si ujinga?

Brynn: Labda. Lakini kuuliza swali la kawaida naruhusiwa. Mmewahi kuja?

Dizeli: Wapi?

Brynn: Kikaoni. Hata mara moja.

Upepo ulipiga kamba ya bendera kule ng'ambo, ikawa inagonga mlingoti. Dizeli alikagua viatu vyake. Redio alitafuta kifuniko cha bakuli, nacho kilikuwa mapajani mwake. Mimi nilijaribu kukumbuka kikao chochote, nikakumbuka kwamba barua za kutangazia vikao nilizipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba.

Brynn hakungoja jibu. Alimbusu babu yake juu ya upara, akasema ana nguo za kupanga, ziwe za kukaa au za kwenda, akazunguka kona akaondoka.

Dizeli: Sisi tunasema hapa. Si wanasikia? Ni barabara tu.

Hakimu: Madirisha yao yamefungwa, Orval.

Dizeli: Tangu lini?

Redio: Tangu yawekwe.

Hapo ndipo Kimya aliposimama. Alivaa kofia, akaikandamiza kwa mkono isichukuliwe na upepo. Katika miaka yote ya benchi lile nilikuwa nimemsikia akisema "naam", "la" na "ongeza sukari". Sauti ilimtoka ikiwa imekauka.

Kimya: Nataka mtoto wangu abaki. Mlango ni upi?

Redio: Mlango?

Kimya: Wa kuingilia kwenye kikao. Iko mitatu. Ni upi?

Tuliangalia ng'ambo. Milango mitatu ilituangalia. Mimi nilikuwa nikiacha barua kwenye sanduku la nje, sikuwahi kuingia ndani. Redio alisema wa kati, halafu akasema hapana, wa kati ni wa polisi. Dizeli alisema wa kushoto, kwa sababu kushoto ndiko wanakoegesha magari, halafu akakumbuka kwamba kushoto ni maktaba, au ilikuwa maktaba. Tukamgeukia Hakimu. Alifungua kinywa, na sote tukangoja methali, hata isiyohusika. Hakuwa nayo.

Redio: Leland, kikao ni jioni. Sasa hivi hata saa ya chakula haijafika.

Kimya: Najua. Naenda kuutafuta kabla haujawa na watu wa kuniangalia.

Akamwaga mabaki ya kahawa yake chini, akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka. Hakuna gari lililokuja. Tulimwona akiufikia mlango wa kwanza: umefungwa. Akasogea kwenye wa pili, akausukuma kwa kiganja, ukakataa. Akausukuma kwa bega, mzee wa watu, kofia ikamteleza. Redio aliniminya mkono mpaka nikaumia. Kisha Kimya akarudi nyuma hatua, akautazama mlango vizuri, akashika kitasa na kuvuta. Ukafunguka, akaingia.

Dizeli alibaki na kikombe hewani.

— Kumbe unavutwa, akasema.