Koti la Mashine

Mgeni rasmi,

Sisi wapangaji wa jengo hili tunakukaribisha uani kwetu. Kiti ulichokalia tumekiazima kwa kinyozi, usishtuke kikizunguka. Utuwie radhi pia tukikutazama kwa macho ya chini.

Tulikotoka

Miaka yote tulipasha vyumba joto kwa majiko ya mafuta ya taa, tukalala tukikohoa. Joto likija tulifungua madirisha, basi. Lakini joto la siku hizi halina adabu, linaingia mchana na kulala humo humo. Tumeelezwa kuwa moshi wa mafuta, wetu na wa wenzetu duniani, umelichochea. Tumeelewa.

Mafanikio

Ofisi yako ikatufungia mashine ya umeme wa jua. Kitendawili: mpishi mmoja, kipupwe anapasha, kiangazi anapoza. Ndiyo hiyo. Kiangazi chote tulilala kama watoto walioshiba.

Aibu yetu

Fundi wenu alituaga akisema, "Itunzeni kama mtoto mchanga." Baridi ilipokuja, tukaona kisanduku chake cha nje kimeota barafu, kinatetemeka. Tukachanga vitambaa, tukamwomba mama cherehani wa ghorofa ya juu akishonee koti. Akalitia bitana na vifungo. Tukapiga vigelegele.

Kisanduku kikakosa hewa, kikaungua. Tukarudi kwenye mafuta ya taa.

Tena tukamgeuka mama cherehani. Akipita kwenye ngazi aliambiwa, "Fundi, jiko nalo linasikia baridi, lishonee suruali." Tukacheka, mgeni rasmi. Wote.

Sasa joto limerudi. Yeye anaishi chini ya bati na mama yake mzee, ambaye juzi alizimia kwa joto. Tulipogonga tumsaidie kumteremsha bibi kivulini, alijibu akiwa ndani: "Niacheni. Nimeshawaharibia vya kutosha."

Maombi

Tunaomba mashine itengenezwe mapema, maana joto halijafika kileleni na bibi yule hatalihimili. Tunaomba fundi wenu atuonyeshe kwa mkono, asituachie mfano wa mtoto mchanga.

La mwisho ndilo zito. Ukipanda juu, usimuulize nani alishona. Vitambaa vilikuwa vyetu, wazo letu, vigelegele vyetu. Tungeweza kukukabidhi risala hii ofisini, kimya kimya. Tumeomba tuisome hapa uani, kwa sauti, kwa sababu dirisha lake liko juu yetu na liko wazi.

Mungu akujalie afya, na nyumba yako ipate usingizi wa raha.

Ni sisi, wapangaji wa Jengo la Ngazi ya Chuma, tulioshona koti.