Laurentia Athanas na Hofu ya Lori

Ndugu waombolezaji, tuliyemleta hapa leo ni mama yetu Laurentia Athanas, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1934 huko Chole, Kisarawe, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafunga ndoa na mzee Hilario Bartolomeo mwaka 1953, wakalima mihogo na korosho, Mungu akawajalia watoto wanne.

Tarehe 14 Agosti 1974, familia ikihamishiwa kijiji cha ujamaa, lori lilipinduka mteremkoni asubuhi, mama akabanwa chini ya vitanda na magunia hadi saa sita mchana, na tangu siku hiyo kila akisikia mngurumo wa injini alikimbilia ndani. Sisi wa nyumbani tukapiga marufuku habari za ajali ile, tukidhani tunamhurumia. Mwaka 1979 binti yake Benedikta aliajiriwa kiwandani Zegereni, Kibaha, akajifungua hukohuko, na mama hakuweza kwenda kumwona mjukuu. Mzee Hilario alimzoesha kukaa katika lori la kijiji likiwa limesimama, kila siku, bila kuitaja ajali, hata akathubutu kusafiri nalo, lakini mwezi haukuisha hofu ikarudi, akashushwa njiani akitapika. Mara mbili ikawa hivyo, akachoka, nasi tukachoka.

Mwaka 1981 akaja dereva mpya, Maneno, Mnyamwezi na kwa hiyo mtani wetu, ambaye hakuna wa kumzuia neno, akamuuliza mbele za watu ni kitu gani hasa kilichomlalia siku ile, vitanda au uvivu wa Kizaramo, naye mama akamjibu kwamba Mnyamwezi asiyejua kufunga mzigo asimuulize habari za mizigo, kisha akaisimulia ajali yote, mwanzo hadi mwisho. Maneno akamwacha anywe chai, na kabla simulizi haijapoa akamketisha garini. Wakafanya hivyo siku tisa, kwanza kukumbushana, ndipo kupanda, na hofu ile haikurudi tena. Tarehe 6 Juni 1981 alimpakata mjukuu wake, ambaye tayari alikuwa anatembea.

Alianza kuugua moyo Novemba 1984, akafariki Jumanne, tarehe 12 Machi 1985, hospitalini Kibaha, Benedikta akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kisarawe, wafanyakazi wenzake Benedikta, na mtani Maneno, aliyeyatamka tuliyoyaogopa sisi wenye mama. Mama, leo tumeyasema yote mbele yako, hatukukuficha kitu, pumzika.