Ofelia Berrutti na Jibu Namba Thelathini na Tano

Ijumaa, tarehe 29 Agosti, Ofelia Berrutti anastaafu baada ya kuitumikia Benki ya Damu Las Acacias, hapa Montevideo, kwa miaka thelathini na mmoja.

Alitujia akiwa mhandisi kijana wa kompyuta, mwenye sauti kubwa na chupa ya maji moto ya kutengenezea mate, chai chungu ya majani ya kwetu, kwapani. Hakuna siku aliyoacha kimojawapo nyumbani. Mvua ikinyesha alitukaangia maandazi ya torta frita ofisini. Mkurugenzi alilipiga marufuku jambo hilo, kisha akala kuliko sote.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa majira yale ya baridi seva yetu kongwe ilipokufa. Programu ya kuandikisha damu ilitengenezwa kwa mfumo endeshi wa seva hiyo tu. Ofelia akaweka kwenye mashine mpya kiigizaji kinachojifanya mfumo ule wa zamani: programu ikiomba kufungua faili, kiigizaji hulipeleka ombi kwa mfumo mpya na kurudisha jibu. Tulimpigia makofi.

Haukupita muda, Washington Larrosa, mkuu wa majokofu, akaingia akihema. Wodi ya wazazi ilikuwa imeomba damu ya O hasi kwa mama aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua, na kompyuta ilidai hakuna.

"Ofelia, mashine yako inasema sina, na mimi huu hapa mfuko nimeushika!"

"Sasa unanionyesha mimi wa nini? Kimbia nao wodini! Ukirudi tutagombana vizuri."

Mama yule, Yanina Píriz, alipona. Ofelia akarudi kitini kutafuta kosa.

Aligundua kwamba rekodi zilipotea pale makarani wawili walipoandikisha kwa wakati mmoja. Akafuatilia kila ombi na jibu lake, hadi akakutana na namba thelathini na tano. Katika mfumo mpya, namba hiyo ina maana "faili inatumika, jaribu tena." Katika ule wa zamani ina maana "mmekwamana, acha." Kiigizaji kiliipitisha bila kuitafsiri, na programu, kwa utiifu wote, ikaacha na kuitupa rekodi.

Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo. Ofelia hakuridhika. Alizipitia namba zote za majibu, akakuta nyingine zenye kasoro hiyo hiyo zilizokuwa bado hazijamdhuru mtu, akazirekebisha zote. Kisha akaenda wodini kumweleza Yanina mwenyewe kilichotokea.

"Kwa hiyo kompyuta ilikata tamaa kabla yangu?" Yanina akauliza.

"Ndiyo, mama. Nimeshaifunza adabu."

Tangu hapo, hakuna mfuko uliopotea katika rekodi zetu. Programu ile ilihudumu hadi mrithi wake, aliyesimamiwa na Ofelia huyo huyo, alipokuwa tayari.

Ofelia, wako watu mjini humu wanaotembea kwa sababu ulikataa kuridhika mapema, na wengi wao hawalijui jina lako. Sisi tunalijua. Asante sana. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na simu yetu ikilia, una ruhusa ya kutoipokea.