Bobari za Usta Rizq

Alasiri katika mji wa Dumyat, karakana zikianza kunyamaza, mafundi watatu huhamia benchi la nje ya mkahawa wa Abu Samra, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Badrawi, waliyempa jina la Nyundo, hukaa katikati, maana karakana yake iko ng'ambo ya kichochoro na akiwa hapo huiona. Kulia kwake hukaa Shahata Mfaransa, aliyechonga mawaridi ya vitanda vya Kifaransa maisha yake yote na Ufaransa hajawahi kuiona. Kushoto ni Atiya Nusu Kikombe, asiyemaliza kahawa wala asiyekubali kikombe kiondolewe. Siku moja mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyejitaja kwa jina la Wiam, alisimama mbele yao na karatasi mkononi. Alitaka kujua mtu anayeanza kuchonga anunue bobari zipi, zile patasi zenye ulimi uliopinda.

— Tatu, binti, alisema Badrawi. Moja karibu na bapa, ya kusafishia. Moja iliyopinda kama ukucha wa kidole gumba. Na moja yenye ncha ya pembe, ya kuchorea mistari.

— Tatu za kuchongea nini, mwiko? alidakia Mfaransa. Waridi moja tu linataka kumi na mbili. Andika ishirini na nne, bibie.

— Anayeanza hachongi waridi. Aanze na nakshi za Kiarabu, nyota na majani, asichimbe sana.

— Nyota ni hesabu, Nyundo. Waridi ni mapenzi.

— Mapenzi yako tunayajua. Wake wawili wamekukimbia.

Nusu Kikombe alisafisha koo.

— Nyote mnampoteza mtoto wa watu. Mwaka wa kwanza asiguse mbao, anoe tu. Na bobari haichaguliwi kwa macho. Hulambwa. Chuma kizuri kina chumvi.

— Umelamba ngapi wewe? aliuliza Badrawi.

— Zote nilizo nazo. Unadhani kwa nini kahawa siimalizi? Ulimi ulishakufa.

— Hilo dogo, alisema Mfaransa. Mwalimu wangu alikuwa akilalia bobari mpya siku saba, chini ya mto. Akiota maji, anairudisha dukani.

Wiam aliandika yote bila kucheka. Kisha akauliza:

— Na kama anayeanza ana mkono mmoja?

Mfaransa alishusha kikombe.

— Mkono mmoja kivipi? aliuliza Badrawi.

— Mwingine ulikwenda na msumeno wa umeme. Miezi saba sasa.

— Nani huyo, mwanangu?

— Baba. Usta Rizq.

Badrawi na Rizq walichonga kwenye meza moja miaka ishirini na miwili, kabla Rizq hajahamia kiwanda kimoja cha Izbat al-Burj. Katika mji mzima hapakuwa na usta mwingine, yaani fundi bingwa, mwenye mkono kama wake.

— Sisi tuliambiwa yuko Kuwait, kwa mwanawe.

— Alitaka mwambiwe hivyo, ami.

Na wao waliamini, wakaagiza kahawa nyingine. Badrawi hakukumbuka hata siku moja aliyompigia simu.

Aliinuka, akavuka kichochoro, akarudi na ubao na bobari zake zimefungwa kwenye kitambaa. Aliwapa wenzake ubao waukamate ncha zote mbili juu ya benchi, akatia mkono wa kushoto mfukoni mwa kanzu. Bobari ya kwanza, ndefu, iliteleza ikakwaruza benchi la Abu Samra. Ya pili ilijikita, na bila nyundo haikwenda mbele wala nyuma. Ya tatu ilikuwa fupi, mpini wake ukijaa kiganjani. Aliisukuma kwa bega, polepole, hadi jani dogo likatokea.

— Hii, alisema, jasho likimtoka. Aisahau nyundo. Ubao aubane kwenye jiriwa, achonge juu juu, asukume kwa uzito wa mwili.

Wiam aliligusa lile jani kwa kidole.

— Ami Badrawi, mkono uliobaki ni wa kushoto.

Badrawi aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba umemtukana mtu. Akautia mfukoni, akatoa wa kushoto. Vidole havikujua pa kushika. Mstari ulikwenda kombo, kama wa mtu aliyekutana na chuma leo. Mfaransa, ambaye hakosi la kusema, aliubana ubao zaidi tu.

— Baba yako hujaribu saa ngapi? aliuliza Badrawi.

— Asubuhi, nikishatoka kwenda kazini. Anadhani sijui. Nakuta damu kwenye sinki.

— Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu. Usimwambie.

— Na akikataa kukufungulia?

Badrawi aliinamia ubao, akajaribu mstari wa pili. Nao ulikwenda kombo.