Nkwabi Chenge na Jiwe Namba Moja

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Nkwabi Chenge, nyapara wa genge la barabara ya Usagara hadi Kigongo, anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Hiyo miezi minne ameidai mwenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilitaja miaka tu, naye akasema miezi nayo ilikuwa na vumbi lake.

Aliajiriwa Machi 1965 akiwa kibarua wa sururu na karai, na mwaka 1972 akawa nyapara. Tangu hapo hakupanda tena. Vijana aliowafundisha kushika koleo wamekuwa wakaguzi wa barabara, wana ofisi zenye mapazia, na wakimwona bado wanaficha sigara. Wengi mmejiuliza kwa nini mtu hodari namna hii alibaki palepale. Jibu lipo mbele, na ni yeye aliyetaka liwepo.

Mimi ni Justa, karani wa mapokezi, na kwa miaka kumi na minne nimepiga chapa ripoti zake. Kila ajali ikitokea kwenye kipande chetu, Mzee Nkwabi hakuanza na dereva. Alishuka garini, akarudi nyuma hatua mia mbili, akatembea taratibu kuelekea mahali pa ajali, kwanza upande mmoja wa barabara, kisha upande wa pili, macho chini kama mtu aliyepoteza sindano. Baadaye aliandika katika daftari lake ukurasa mmoja wenye kichwa kimoja tu: Sababu.

Madaftari hayo sasa ni matano, na anayetaka kujua kwa nini magari yanaanguka huku kwetu asihangaike kwenda mbali. Humo mna ng'ombe wanaorudi nyumbani jioni wakati jua linampiga dereva usoni. Mna udaga wa muhogo ulioanikwa hadi katikati ya njia. Mna matairi yaliyochoka tayari huko yalikotoka, yakaletwa kwetu kumalizia safari, maana tangu milango ya biashara ifunguliwe magari yameongezeka na genge letu limepunguzwa kutoka watu ishirini na wawili hadi tisa. Mna madereva wanaokimbilia pantoni ya kuvukia ziwa pale Kigongo, wakiwemo wa basi moja lililoandikwa nyuma "Haraka Haraka Haina Baraka", ambalo Mzee amelitoa mtaroni mara mbili.

Kuna mlima mmoja ambao watu walishasadiki una mashetani, hata kondoo alichinjwa. Mzee Nkwabi alikaa pale siku mbili na ndoo ya mchanga. Aligundua kwamba malori yanayokimbiza sangara viwandani yalikuwa yakimwaga maji ya barafu na mafuta ya samaki kwenye mpando, na lami ikawa utelezi mtupu. Alimwaga mchanga, akaomba malori yafungwe mabomba ya kupeleka maji kwenye madumu, na mashetani wakahama. Kondoo, kwa bahati mbaya, alikuwa ameshaliwa.

Adabu yake ya barabarani mnaijua. Dereva aliyempita kwa kasi huku akipaza shikamoo dirishani hakupata jibu hata angekuwa mkwewe. Marahaba ilitolewa kwa gari lililopunguza mwendo.

Sasa nifike pagumu. Katika rasimu yangu niliandika kwamba kwa miaka yote hiyo Mzee Nkwabi hakuwahi kuwa chanzo cha ajali yoyote. Niliona ni sentensi nzuri. Kesho yake aliirudisha karatasi ikiwa imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, akasimama mbele ya meza yangu na kofia mkononi. Alisema nikimwandikia uongo huo, sherehe tuifanye bila yeye. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, kwa hiyo nayaandika kama alivyonieleza.

Jioni moja ya Oktoba 1991 genge lilikuwa likitengeneza kalavati kwenye mpando unaotoka Kigongo. Tipa lenye udongo wa moramu lilisimamishwa mlimani, na tairi la nyuma likawekewa jiwe ili lisirudi. Mawe ya genge letu yanajulikana: yanapakwa chokaa ili yaonekane. Mawingu yakaja kutoka ziwani, Mzee akasema twendeni haraka mvua hiyo, watu wakarukia garini, tipa likaondoka. Jiwe likabaki katikati ya njia, na mvua ikaliosha chokaa yote ya juu.

Kabla giza halijaingia vizuri, pikapu ya Bwana Liaqat, mwuza vipuri wa mjini, ilipanda ikitokea kwenye pantoni. Ililigonga lile jiwe, tairi likapasuka, gari likapinduka kwenye shamba la pamba. Nyuma alikuwa amepewa lifti Dorcas Mashimba, mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa akirudi chuoni Butimba. Alivunjika nyonga. Miezi saba alilala, na hadi leo anatembea kwa fimbo.

Sababu iliyoandikwa na polisi ilikuwa mwendo kasi, na Bwana Liaqat akawekwa ndani. Asubuhi Mzee Nkwabi alikwenda kutembea hatua zake mia mbili kama kawaida. Jiwe alilikuta pembeni, akaligeuza. Upande wa chini ulikuwa na chokaa.

Hakukuwa na mtu mwingine pale. Angeweza kulisukumia mtaroni akarudi zake, na barua ya kupandishwa cheo ilikuwa tayari inasubiri kutiwa saini. Alilibeba mikononi, akalipeleka polisi, akaliweka juu ya meza na kusema: "Hili ni letu, na aliyesema twende haraka ni mimi." Liaqat aliachiwa. Barua ya cheo ilichanwa. Mzee hakulalamika hata siku moja, nami niliyekuwa nimeipiga chapa barua ile nililia kwa ajili yake.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao wageni huuona kama kichekesho. Kila jiwe la genge lina namba ya rangi nyekundu, na jioni mawe huhesabiwa kama ng'ombe wanaoingia zizini. Likipungua moja, hakuna kwenda nyumbani. Baadaye alibuni kabari za mbao za kuzuia tairi, kila moja imefungwa kamba kwenye chasisi, ili dereva akisahau kuiondoa imfuate nyuma ikipiga kelele. Madereva walicheka sana. Wa kwanza kuagiza kwa ajili ya malori yake yote alikuwa Bwana Liaqat. Katika daftari la tano, hakuna ukurasa hata mmoja ambao sababu yake ni jiwe.

Lile jiwe lenyewe polisi walilirudisha, na mnalipita kila siku. Ndilo linaloshikilia mlango wa ofisi ya genge usijifunge, limeandikwa namba moja. Kamati ya sherehe ilipomuuliza angependa zawadi gani, alisema godoro na redio tuwape wengine, yeye apewe jiwe lake aende nalo kwao Kisesa. Tulitaka kukubali.

Lakini wiki iliyopita nilikwenda kumwalika Mwalimu Dorcas, ambaye leo ana darasa la watoto sitini na tatu. Nilipomweleza kuhusu jiwe, alisema: "Mwambieni baba aliache hapohapo. Mimi mwenye nyonga nililiacha zamani." Amesema atakuja, na atakaa meza moja na wewe, Mzee.

Kwa hiyo, Mzee Nkwabi, ombi lako limekataliwa. Utachukua godoro, utachukua redio, na utachukua shukrani zetu sote tuliorudi nyumbani salama kwa sababu wewe ulitembea kwa miguu. Tunakuombea uzee wenye afya, mvua ya wastani huko Kisesa, na wajukuu wanaotembea upande wa kulia wa barabara, wakitazamana na magari. Jumanne jioni tutahesabu mawe kama kawaida. Namba moja litahesabiwa nasi, na wewe utatoka mlangoni mikono mitupu.