Tangi Chini ya Kiti cha Mama Sammy

Ukitoka mjini na kuanza kuteremka kuelekea Amalemba, utaona mtu anachomelea vyuma mchana kutwa bila miwani. Huyo ni Osundwa. Mbele ya kibanda chake kuna benchi la mbao, mguu wake mmoja ni tofali, na hapo ndipo tunapokaa sisi tusio na haraka. Awinja anatuuzia kahawa na kututukana anatutukana bure. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sindano, na mashine yangu iko hapo hapo, kwa hiyo mtu asiniambie eti nakaa tu. Shikanga tunamwita Bibisii kwa sababu ana habari za kila boma, hata zile ambazo hazijatokea. Sylvanus ni Pancha, anaziba baiskeli. Na kila Alhamisi anakuja Mzee Nehemiah kutoka Lugari na Land Rover yake kuukuu, iliyoachwa na Mzungu aliyekuwa na shamba huko. Mwaka huo mvua za El Nino zilikuwa zimepita, tope limekula tangi la gari mpaka likaanza kuvuja, na mzee akatufikia akinuka petroli kuliko stesheni ya mafuta.

— Mulembe, wazee.

— Mulembe, Mzee Landi! — Bibisii akaitikia. — Leo usikae karibu na jiko ya Awinja, utatulipua.

Nehemiah hakucheka. Zamani angecheka. Tangu tulipokwenda Lugari kumzika mkewe, Edah, mwaka uliotangulia, ukimuuliza habari ya nyumbani anakupa habari ya klachi. Basi tukazoea kuzungumza klachi.

Sasa elewa jambo moja kuhusu gari lile. Tangi lake lilikuwa chini ya kiti cha abiria, na mdomo wa kujazia uko chini ya mto wa kiti. Kila ukitaka mafuta, aliyeketi hapo sharti ashuke, mto uinuliwe, ndipo mtu wa pampu aingize mpira wake. Osundwa alikuwa ameshakitoa kiti, akakiweka chini kando ya benchi letu, na tangi bovu akalitupa kwenye nyasi.

— Mzee, chagua, — Osundwa akasema. — Naweza kukutengenezea ingine kama hii, ya bati nzito, ikae pale pale. Ama nikuwekee ile ya lori ya miwa, ile ndefu umeona hapo nyuma.

— Ama dramu ya plastiki! — Pancha akadakia. — Unafunga huko nyuma na tyubu, unaweka mpira, petroli inateremka yenyewe.

— Petroli inateremka na wewe unapanda mbinguni, — nikamwambia. — Nyamaza, Pancha.

— Sindano, wewe unajua nini na magari? Shona suruali.

Nehemiah hakutusikiliza. Alikuwa amelikaribia tangi la lori, akaligonga ubavuni kwa kidole.

— Hii inabeba kiasi gani?

— Hiyo ukijaza, mzee, unasahau kama kuna stesheni duniani.

— Basi hiyo.

Osundwa akajikuna kichwa.

— Iko shida. Hiyo ni ndefu, itapita juu. Lazima nikate hii sanduku yote inashikilia kiti. Na kiti hairudi tena.

— Kata.

— Mzee, nikishakata nimekata.

— Nimesema kata, Osundwa. Wacha nitafute bolti.

Akaondoka kupandisha mjini, mikono mfukoni, bila hata kugusa kahawa yake. Bibisii akaivuta kwake. Hajawahi kuacha kitu cha bure, huyo.

— Mnajua ni kwa nini? — akaanza, sauti chini, ingawa mwenyewe alishafika mbali. — Lugari mpaka hapa, hiyo tangi ndogo inaenda na kurudi na inabaki. Huyu anaenda safari. Anaenda Lodwar kwa Sammy, kijana yake.

— Sammy ako Mombasa, — Awinja akasema.

— Basi Mombasa kupitia Lodwar.

— Wee!

— Mimi nawaambia ni magendo, — Pancha akasema. — Anajaza ng'ambo ya mpaka, anakuja kunyonya huku, anauza na chupa.

— Mzee wa kanisa?

— Kwani petroli inauliza mtu kanisa?

— Nyinyi mnaonanga karibu sana, — Bibisii akasema, akinywa kahawa ya watu. — Ni dhahabu. Yale mashimo ya zamani ya Wazungu hapa Kakamega, mnafikiri yaliisha? Tangi kubwa unaitia sakafu ya pili. Juu petroli, chini dhahabu. Polisi anachungulia, anaona petroli, anasema pita mzee.

— Dhahabu ya nani? Huyu analima mahindi!

— Umeshamwona akivuna?

— Nimekula mahindi yake, Bibisii! Hata wewe ulikula!

— Hiyo ilikuwa ya kutuziba macho.

Pancha hakukubali kushindwa. Akasimama kabisa, na pampu ya baiskeli mkononi.

— Sikizeni. Ni mwaka elfu mbili. Ikifika, mashine zote zinazima, pampu za petroli zinakufa zote siku moja. Yeye anaweka akiba. Sisi tutakuwa tunatembea na miguu, mzee anapita akipiga honi.

— Akienda wapi, kama dunia imeisha? — Awinja akamuuliza.

— Anapita tu.

Tulicheka mpaka benchi likateleza kwenye tofali lake. Nami nilicheka, sikatai. Mzee aliporudi na bolti zake kwenye karatasi, tulinyamaza kama watoto wa shule, na Bibisii akarudisha kikombe kikiwa kitupu.

Osundwa alikuwa ameshapiga mistari ya chaki pale pa kukata. Akashika msumeno wa chuma, akapiga goti mlangoni mwa gari.

Ndipo akatokea binti mmoja na kikapu, anateremka haraka, anaangalia Land Rover kama mtu aliyeona ndugu.

— Ayi! Bado inatembea hii? Baba Sammy! Hamjambo?

— Cherop, — Nehemiah akasema, akampa mkono. — Umekonda.

— Ni majani chai. Nimekaa Kericho nikichuma tangu ile mvua kubwa haijaanza, sijarudi nyumbani hata mara moja. Nimekosa gari ya Lugari, nikaona hii, nikasema Mungu yupo. Mtanibeba huko nyuma kama zamani?

Tukaelewa kwamba ni jirani yake wa kule shambani. Nehemiah akatikisa kichwa kukubali. Cherop akatua kikapu, akakiona kiti chini, akaiona chaki, akamwona Osundwa na msumeno wake.

— Kwani mnakata hapa?

— Tunaweka tangi kubwa, — Bibisii akamjibu.

— Na Mama Sammy atakaa wapi?

Bibisii, mwenye habari zote za Shieywe mpaka Khayega, aliangalia miguu yake. Pancha akaanza kupapasa tyubu ambayo haikuwa na tundu. Mimi nilikuwa na uzi mdomoni, nikaushukuru ule uzi.

— Ama tutakaa nyuma pamoja na yeye? — Cherop akaongeza, akicheka, halafu akatutazama mmoja mmoja akaona hakuna anayecheka.

Awinja akamshika mkono, akamvuta kando ya jiko. Tukamsikia akisema kitu polepole. Kisha tukasikia kilio kidogo, cha mtu anayejiziba mdomo kwa leso.

Nehemiah akakaa chini, kwenye vumbi, karibu na kile kiti. Hakukaa juu yake.

— Ni hiyo swali, — akasema. — Kila mahali nikisimama ni hiyo. Miaka yote nikienda kwa pampu lazima yeye ashuke. Vijana wa pampu wote kutoka hapa mpaka nyumbani wanamjua. Mama, shuka kidogo tujaze. Anashuka, anawauliza watoto wao, anawapa ndizi, anapanda tena. Sasa nikifika wanakimbia upande ule kumfungulia mlango. Mama ako wapi leo? Nikisema alikufa, wanalia, na mimi ndio nawanyamazisha. Nikisema ako nyumbani, naona kama nimemdanganya yeye. Nikasema, nipate tangi moja kubwa. Nijaze siku moja nisisimame tena mahali popote.

— Lakini mzee, hapa kwetu... — Bibisii akaanza, akashindwa kumaliza. Sijawahi kumwona akishindwa.

— Hapa nakuja kwa sababu hamuulizi, — Nehemiah akasema. — Halafu nikiwa njiani narudi, najisikia vibaya. Najiambia, mbona hawaulizi?

Jamani, hilo liliniuma. Tulilala kwenye matanga ya yule mama, tukala ingokho, kuku wa wageni, na tukaimba, na tangu siku hiyo tukawa tunamuuliza mwanamume huyu habari za giaboksi.

Osundwa alikuwa bado amepiga goti.

— Nikate, mzee?

Nehemiah akaweka kiganja juu ya mto wa kiti. Magari yalipita barabarani, moja, jingine, yeye bado ameweka kiganja.

— Tengeneza ile ndogo.

— Utakuwa unasimama kwa pampu kila mara.

— Nitasimama.

Basi Osundwa akatupa msumeno, akatoa bati nzito. Akalipima juu ya tangi bovu, akakunja, akachomelea, akalijaza maji na kulizunguka akitafuta jasho. Halikutoa jasho. Pancha, bila kuambiwa na mtu, akakata tyubu kuukuu vipande vipande, akavipanga pale tangi linapokaa ili chuma kisisugue chuma. Bolti zikaingia. Ilikuwa kazi safi, nasema hivyo ingawa Osundwa bado hajanichomelea mlango wangu wa jikoni ulioanguka.

Mimi nikauchukua mto wa kiti, maana ngozi yake ilikuwa imechanika. Nikakuta sponji imebonyea katikati, imeshika umbo la mtu.

— Mzee, nina sponji mpya hapa.

— Usiguse sponji, Sindano. Shona juu tu.

Nikashona juu tu. Nilipokuwa nakanyaga mashine, nikajikaza, nikamuuliza bila kumtazama.

— Habari ya nyumbani, mzee?

— Hiyo klachi... — akaanza. Akaiacha klachi, akasema: — Nyumbani kumenyamaza sana. Nikisonga obusuma bado napima unga ya watu wawili. Ile ingine nachelewa kuitupa.

— Hm.

— Ninamkumbuka, Sindano. Hata sijui nifanye nini.

Nilimaliza mshono nikakata uzi.

Jua lilikuwa limeinama kidogo Bibisii, tuliyemtuma stesheni, aliporudi na dumu la petroli. Tulimwambia Cherop apande mbele, kiti kimerudi na kimeshonwa. Akakataa kwa kichwa, macho mekundu, akaparamia nyuma na kikapu chake, akakaa pale alipokaa zamani. Nehemiah hakumlazimisha.

Bibisii akainua dumu, tayari kumimina.

— Ngoja, — mzee akamwambia.

Akazunguka hadi upande wa abiria. Akafungua mlango wote, akasogea kando, akaushikilia kwa mkono mmoja kama alivyofanya miaka yote. Akasubiri. Akasubiri kiasi ambacho mama wa makamo, mwenye magoti mazito, anahitaji kushuka kutoka kwenye Land Rover. Dumu lilikuwa linamkata Bibisii vidole, lakini hakulitua. Hakuna aliyeuliza mzee anangoja nini.

Kisha akauinua mto, akaukumbatia kifuani.

— Haya, — akasema. — Mimina.