Mzee Torati na Hadubini Yake: Miaka Thelathini na Minne ya Kuitetea Sheria ya Kale Maabarani

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mkuu wa maabara ya hospitali yetu atatundika koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Ana jina lake kamili kwenye faili la ofisi, lakini ukiliuliza pale getini utaambiwa hakuna mtu kama huyo. Uliza Mzee Torati, utasindikizwa hadi mlangoni.

Mimi ni mfamasia. Chumba changu cha dawa na maabara yake vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na kwa miaka kumi na tisa nimebishana naye karibu kila siku ya kazi. Nadhani ndiyo maana kamati ya sherehe ya kumuaga imenikabidhi kalamu mimi. Waliona kwamba sitamsifu bure.

Alifika hapa akiwa na miaka ishirini na sita, wino wa cheti chake ukiwa haujakauka vizuri. Maabara wakati huo ilikuwa chumba chenye meza moja, sinki lililovuja, na hadubini ya kizamani iliyotegemea kioo kidogo kuakisi mwanga wa dirishani. Siku ya mawingu, mgonjwa alisubiri jua litoke ndipo apate majibu yake. Leo kuna watumishi watano, mashine ya kuhesabu chembe za damu na jokofu la kuhifadhia damu, na kila kimoja kati ya hivyo kilitanguliwa na rundo la barua zake. Mganga mkuu mmoja alikiri kwamba aliidhinisha jokofu lile ili tu apumzike kusoma mwandiko wa Mzee Torati.

Jina hilo lina chanzo chake. Alikulia katika nyumba iliyozishika sheria za Musa za vyakula na usafi bila mzaha. Nguruwe haliwi, samaki asiye na magamba haliwi, mnyama aliyejifia haguswi. Akiwa mdogo alimuuliza mama yake kwa nini, akajibiwa, "Kwa sababu imeandikwa." Jibu hilo lilimtosha mama, mwana halikumtosha. Miaka ikapita, akaingia chuoni, na siku moja mwalimu akaweka chini ya hadubini kipande chembamba cha nyama ya nguruwe. Ndani yake alimwona mdudu mchanga wa mnyoo, kajikunja kama uzi uliosahauliwa mfukoni. Anasema alisimama ghafla hadi kiti kikaanguka, akapaza sauti mbele ya darasa zima: "Kumbe Musa alikuwa na sababu!"

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi mbili. Moja ilikuwa ya kwenye ratiba. Nyingine aliibeba moyoni, nayo ni kuonyesha kwamba kila sheria ya kale ya chakula na usafi ina sababu ambayo sayansi ya leo inaweza kuiona kwa macho.

Kazi hiyo ya pili ndiyo iliyozaa Dakika Kumi za Alhamisi, baada ya mkutano wa asubuhi wa watumishi. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyefanikiwa kumzuia. Alichora kwa chaki chombo kisicho na kifuniko na vyote vinavyoweza kutumbukia humo. Alieleza kwa nini mwenye ugonjwa wa ngozi alitengwa, kisha akakaguliwa tena baada ya siku saba. Alisifu amri ya kufukia kinyesi nje ya kambi kwa furaha ambayo watu wengine huitoa harusini, na hapo wengine tulikuwa bado hatujanywa chai.

Mimi, ambaye nguruwe naila na wala sijifichi, nilikaa mstari wa mbele ili nimpinge. "Ukiipika vizuri, minyoo yote inakufa," nilimwambia.

"Musa hakuwa na kipimajoto, mwanangu," akanijibu. Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikakaa.

Mara moja tu nilidhani nimemweza. Nilimkumbusha kwamba Torati inamtaja sungura kati ya wanyama wanaocheua, ilhali daktari yeyote wa mifugo atakwambia sungura hana tumbo la kucheulia. Jumatatu iliyofuata alikuja na sungura ndani ya boksi. Mnyama yule alikaa wiki mbili kwenye baraza ya nyuma, akichunguzwa na kuandikiwa ripoti kama mgonjwa wa kulazwa. Asubuhi moja nilisikia ukuta ukigongwa kwa ngumi. "Anarudia chakula! Njoo uone!" Kweli, sungura alikuwa akitoa kinyesi laini na kukila tena papo hapo, ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Nikamwambia huko si kucheua. Akasema basi ni binamu yake. Tukatoka sare. Sungura akachukuliwa na mke wake, fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima kwa mishono isiyofumuka, na vitukuu wa sungura yule wamejaa kwa majirani. Mzee mwenyewe huwapa majani tu. Kuwala, haiwezekani.

Yapo yaliyotokea ambayo hayakuwa ya kucheka. Katika mwaka wangu wa nne hapa, watoto wachanga sita waliugua ndani ya wiki mbili katika wodi ya wazazi. Walipata homa, vitovu vyao vikavimba, na mmoja tulimpoteza. Mazungumzo ya kuifunga wodi yakaanza. Na kwa kuwa kila mtoto alipozaliwa alitiwa matone ya macho yaliyotoka kwenye chumba changu, vidole vikaanza kunielekea. Sitasahau jinsi watu walivyopunguza sauti nilipoingia kantini.

Mzee Torati hakusema neno la kunitetea. Alichukua vijiti vyake vya pamba, akazunguka wodi siku tatu. Alipangusa vitanda, mizani, vyombo vyote vya wodi, na chupa zangu za matone, akaotesha vijidudu vya kila alichokipata kwenye sahani za maabara. Siku ya nne akatuita maabarani, muuguzi mkuu, daktari wa watoto na mimi, akatupangia sahani mezani. Sahani ya matone yangu ilikuwa safi. Za vitanda, safi. Moja tu ilikuwa imeota madoa mazito ya kijani, nayo ilitoka kwenye beseni jeupe lililokaa karibu na mlango wa wodi, lenye maji yaliyotiwa dawa, ambamo kila mtumishi alichovya mikono kabla ya kumshika mtoto. Tulichovya mmoja baada ya mwingine, zamu nzima, katika maji yale yale. Dawa iliisha nguvu kabla ya saa nne asubuhi. Na vijidudu vya kwenye beseni ndivyo vilivyokuwa kwenye vitovu vya watoto.

"Beseni hilo nimelikuta hapa nilipoajiriwa," alisema muuguzi mkuu, akiwa amekasirika na kuumia kwa pamoja.

"Na beseni nalo limeikuta sheria ya kunawa kwa maji yanayotiririka, dada yangu," akajibu.

Alasiri hiyo hiyo beseni likaondolewa. Pakawekwa ndoo yenye kifuniko na koki, na sabuni pembeni. Hakuugua tena mtoto mwingine. Mimi nikarudi kantini na sauti za watu zikarudi mahali pake. Nilipokwenda kumshukuru alisema nimshukuru Musa.

Kwa mwaka mzima baada ya hapo hakuvumilika. Nasema hivi kwa upendo, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike yanayofuata. Ushindi ule ulimpa ujasiri wa kudhani kwamba hakuna sheria isiyoingia chini ya hadubini. Alhamisi moja, nikiwa likizo, alifika kwenye sheria za mwanamke anayetokwa na damu. Akasema watu wa kale walimtenga, na kila alichokalia wakakihesabu kuwa najisi, kwa sababu damu hubeba magonjwa, na kwamba sayansi inaafiki.

Nyuma ya ukumbi alikuwa amesimama mhudumu wa usafi wa upande wetu, mama mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa akitokwa na damu mwezi wa saba mfululizo, na hakuwa amemwambia mtu.

Kuanzia siku hiyo aliacha kukaa kwenye benchi letu la chai. Alikunywa amesimama mlangoni, kwenye kikombe alicholeta kutoka kwake. Niliporudi likizo nilimkaribisha kiti mara mbili, akasema ana haraka. Sote tulidhani ana haraka. Wiki ya tatu alianguka mbele ya mlango wa maabara, fagio mkononi. Mzee Torati ndiye aliyemwinua, na ndiye aliyemtoboa kidole kumpima. Kiwango cha damu kilikuwa nne na nusu, wakati mtu mzima anatakiwa awe na kumi na mbili hivi.

"Mama, mbona hukusema?" alimuuliza.

"Ningesemaje, mzee?" mama alijibu, sauti haitoki vizuri. "Si ulisema nachafua kila ninapokalia?"

Nilikuwa pale nimeshika dripu. Mzee Torati aligeuka, akaenda kwenye jokofu, akakuta hakuna damu ya kundi la mama yule. Akapima ya kwake, ikaafiki. Akakunja mkono wa shati na kuniambia nisisimame pale nikimtazama. Chupa ya kwanza aliyoongezewa mama ilitoka kwake. Za pili na tatu zilitoka kwa watumishi wengine, na wiki iliyofuata daktari alimfanyia upasuaji akatoa uvimbe uliokuwa kwenye kizazi. Mama akapona.

Alhamisi ya kwanza mama aliporudi kazini, Mzee Torati alisimama mbele yetu bila chaki. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia. "Hadubini imenionyesha minyoo. Imenionyesha vijidudu. Haijawahi kunionyesha mtu najisi. Niliyoyasema juu ya wanawake niliyasema kwa jina la sayansi, na sayansi haikunituma. Nimemuumiza mwenzetu, nusura nimuue." Kisha akaenda hadi nyuma ya ukumbi, akamwomba mama msamaha mbele ya watu, akambebea kiti hadi mstari wa mbele. Mama akatutazama wote, akakikalia.

Hakuiacha Torati, na wanaodhani aliiacha hawamjui. Alichoacha ni kulazimisha kila amri ipite kwenye hadubini. Aliniambia baadaye, tukiwa tunaosha vyombo vya chai, kwamba sheria nyingine zilitolewa kwa ajili ya mikono yetu na nyingine kwa ajili ya mioyo yetu, na kosa lake lilikuwa kuzimimina zote kwenye chupa moja. Akamwomba daktari wa wanawake achukue Alhamisi moja kila mwezi. Katika mwaka wa kwanza wanawake kumi na mmoja, baadhi yao watumishi wenzetu, walijitokeza kupimwa kwa matatizo waliyokuwa wakiyaficha. Yeye mwenyewe huwa hataji habari hiyo, ndiyo maana naitaja mimi. Mama yule sasa ni msimamizi wa wahudumu wote wa usafi, na hakuna anayethubutu kuacha ndoo wazi mbele yake.

Amefundisha vijana ishirini na saba walio katika maabara mbalimbali. Amepata barua mbili za pongezi na moja ya onyo, hiyo ya mwisho kwa kufunga kantini bila ruhusa baada ya kukuta kisu kimoja kikikata nyama mbichi na mkate. Anajivunia ile ya onyo kuliko nyingine, na mke wake ameiwekea fremu.

Juma lililopita daktari kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita alimuuliza, kwa heshima, kama baada ya miaka yote hii bado anaamini sheria za Musa zina hoja. Nilitega sikio ukutani. "Naamini kuliko zamani," alijibu. "Ila siku hizi kabla sijamfundisha mtu sheria, kwanza namuuliza hali yake."

Mzee wetu, tunakushukuru kwa mikono ya watumishi wengi uliyoilazimisha iwe safi, kwa watoto waliotoka wodini wakiwa mikononi mwa mama zao, kwa damu yako, na kwa ujasiri wa kusimama mbele ya wadogo zako na kusema umekosea. Tunamshukuru na shemeji yetu, fundi cherehani, kwa kutuazima mume wake kwa muda mrefu hivi. Tunawaombea nyote wawili afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na wajukuu wanaonawa bila kuambiwa. Nenda ukapumzike kwa raha, ukijua umeiacha nyumba hii ikiwa njema kuliko ulivyoikuta.